Jengo jipya kwenye yadi ya malori: anza na hati na geti, michoro baadaye

Mkuu, nimekuelewa hivi: una kiwanja kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kibaha na Mlandizi, malori yanalala hapo siku zote, na sasa unataka jengo la ghorofa moja, chini gereji, juu ofisi na vyumba vya madereva. Fundi wako kasema kwa kuwa yadi ipo tayari, kilichobaki ni kuchora na kulipia. Hapo kakupotosha. Malori kulala kwenye kiwanja hakubadilishi kilichoandikwa kwenye hati, na afisa mipango miji anasoma hati.

Toa hati yako usome mstari wa matumizi. Ukikuta "makazi", usilipie mchoro hata mmoja kwanza. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 utaomba kubadilisha matumizi ya ardhi: maombi yanaanzia halmashauri, tangazo linatolewa ili majirani na wenye pingamizi waseme, kamati ya mipango miji inajadili, na ikipita, hati ya zamani inarudishwa itolewe nyingine yenye matumizi mapya. Hatua hii ndiyo inayokula muda mrefu kuliko zote, na ndiyo watu wanaoiruka kwa sababu jengo linaonekana dogo. Majirani hawana ugomvi na jengo, wana ugomvi na honi za usiku, vumbi na malori kuziba njia ya mtaa. Nenda kwenye kikao cha mtaa na majibu ya hayo matatu: malori yanapita njia ipi, geti linafungwa saa ngapi, vumbi linazuiwaje. Kama huna hati bali karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, anza na upimaji. Hakuna njia ya mkato.

Pili ni barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 imeweka hifadhi (ukanda wa barabara usioruhusiwa kujengwa) ya mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, badala ya 22.5 za zamani. Lakini usichukue 30 ukadhani inatosha kila mahali. Kwenye barabara hiyo hiyo yako, kipande cha Kimara hadi Kiluvya hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa. Omba TANROADS mkoa (wakala wa barabara kuu na za mkoa) wakupe kipimo cha eneo lako kwa maandishi, na papo hapo uombe idhini ya njia ya kuingilia. Kama geti linafungukia barabara ya mtaa, hapo unaongea na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

Geti lirudi ndani ya kiwanja. Lori na trela lake linaruhusiwa kufika urefu wa mita 22, kwa hiyo kati ya geti na mpaka wako wa mbele acha kama mita 25. Usiihesabu hifadhi ya barabara kama sehemu ya kusubiria: barabara ikipanuliwa, foleni yako itakuwa juu ya lami.

Sasa chora yadi nzima kabla ya jengo. Weka lori la mita 22 kwenye karatasi kwa kipimo, ulipitishe kutoka geti hadi maegesho na kutoka tena bila kurudi nyuma barabarani. Kona ya ndani ndiyo inayoumiza: trela hukata ndani kuliko kichwa, na nguzo ya jengo ikiwa hapo itagongwa. Mahali palipobaki bila kuguswa na matairi ndipo jengo linapokaa. Kila nguzo inayotazama njia ya malori ikingwe na bomba la chuma la milimita 150 lililojazwa zege, juu ya ardhi mita 1, chini karibu mita 1, na lisimame walau mita 1 mbele ya nguzo.

Kuhusu vyumba vya kulala juu ya gereji, naomba sana uliache wazo hilo. Kontena refu la kimo cha mita 2.9 likiwa juu ya trela linafika karibu mita 4.3 kutoka ardhini. Mlango wa gereji utataka mita 5 wazi, na ndani mita 6 hivi kama utanyanyua injini. Sakafu ya juu ikianzia mita 6 umelipia nguzo, mihimili na ngazi ndefu kwa vyumba vinne. Kisha moshi wa kulehemu na mvuke wa mafuta vinapanda kwa watu waliolala. Zimamoto watakutaka utenganishe, na wana haki. Jenga gereji peke yake, paa la bati juu ya fremu za chuma, na jengo la ofisi na vyumba kando, lenye ngazi inayotoka moja kwa moja nje. Acha njia ya mita 4 bila maegesho ili gari la zimamoto lifike. Majengo mawili ya namna hii yanaweza kugharimu pungufu ya moja.

Maji machafu ya gereji ndiyo yanayorudisha mafaili mengi. Maji ya kuoshea na ya sakafu yapite kwenye shimo la kutenganisha mafuta, lenye chemba tatu. Ya kwanza inashika mchanga. Ya pili mafuta yanaelea juu, na maji yanatoka kwa bomba la T ambalo mguu wake umezama chini ya tabaka la mafuta. Ya tatu ni ya kukagua. Hesabu yake ni nyepesi: eneo la wazi la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 50 kwa saa ni lita 5,000 kwa saa, na ukitaka maji yatulie dakika 20 unahitaji karibu lita 1,700 za chemba, bila kuhesabu nafasi ya mchanga. Ukiezeka sehemu ya kuoshea, shimo linapungua sana. Mambo matatu yanaliua: maji ya paa kuelekezwa humo yakasukuma mafuta nje, choo kuunganishwa humo, na sabuni kali, maana sabuni inavunja mafuta kuwa chembe ndogo zisizoelea. Oili chafu ihifadhiwe kwenye mapipa juu ya sakafu yenye ukingo. Shimo la kunyonya maji ya choo likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Mradi usajiliwe NEMC (baraza la mazingira) mapema, wao ndio wanaosema uko kundi gani na kama tathmini kamili ya athari kwa mazingira inahitajika. Ukiweka tangi la dizeli la matumizi yako, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) nao wana idhini yao kabla hujachimba.

Maombi ya kibali cha ujenzi siku hizi yanapita mfumo wa mtandaoni wa halmashauri uitwao TAUSI. Andaa hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi, ramani ya kiwanja, michoro ya usanifu na ya uhandisi yenye mihuri ya wataalamu waliosajiliwa AQRB (bodi ya wasanifu majengo) na ERB (bodi ya wahandisi), na majibu ya TANROADS na Zimamoto. Kwenye ramani ya kiwanja andika namba za bikoni (alama za mpaka zilizowekwa na mpima) na umbali wa kila kona ya jengo kutoka mpakani. Afisa akifika uwanjani anaanza kuzitafuta bikoni. Zikiwa zimefukiwa na kifusi cha yadi, ukaguzi unaishia hapo, kwa hiyo mwite mpima azifufue mapema.

Kifusi hicho hicho ni hatari kwa msingi. Yadi nyingi zimejazwa bila kushindiliwa kwa tabaka. Chimba mashimo ya majaribio kwenye kona zote nne, mhandisi aone udongo wa asili unaanzia wapi, na msingi ushuke hadi humo. Jengo lililokaa juu ya kifusi linapasuka upande wa njia ya malori kwanza.

Ukishapata kibali, weka bango la mradi na umwite mkaguzi kabla ya kumwaga zege la msingi, sio baada. Nondo zikishafunikwa hana cha kukagua, na anaweza kudai ufukue.

Weka hapa upana wa mbele ya kiwanja, umbali wa bikoni mbili za mbele kutoka katikati ya barabara, na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, tukuoneshe geti likae wapi.