Ganoderma nyumbani Bukavu: kuilima ndiyo, kuponya sukari ngoja kwanza

Ndugu uliyeuliza kama ganoderma, ule uyoga wa dawa, inaota hapa kwetu na kama kweli inaponya sukari, nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Nilianza na pleuroti, ule uyoga wa kula, kwa majani makavu ya migomba na maganda ya maharagwe niliyochemsha kwenye pipa. Huo hauna maringo. Kichwa kikavimba, nikarukia ganoderma. Hii inataka unga wa mbao ngumu, pumba kidogo, na joto la digrii 25 hadi 30. Bukavu tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na baridi ya usiku wa kiangazi unaijua. Nikaziba dirisha kwa sakombi (mfuko mkubwa). Kati ya mifuko 18 niliyoijaza unga huo, sita ilishikwa na ukungu wa kijani (nilitia mbegu bila kunawa vizuri, kosa langu). Iliyobaki ikaota, lakini si kofia: vidole virefu vyekundu vyenye ncha nyeupe, kama pembe za mbuzi. Nikamlaumu aliyeniuzia mbegu. Kumbe uyoga nao unapumua! Ile hewa tunayoitoa puani ikijaa chumbani, unarefuka tu bila kutanuka. Nilipotoa sakombi, zile ncha zikaanza kupanuka zikawa kama masikio, zinang'aa kama zimepakwa vanishi.

Sasa dawa. Wachina wanaiita lingzhi na wanaitumia tangu kale. Maabara zimeona beta-glukani zake (aina ya nyuzi zilizo ndani ya uyoga) zinaamsha seli za kinga, sikatai. Ila mwaka 2015 mapitio ya Cochrane, shirika la watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio matano, watu 398, wengi wao wagonjwa wa sukari ya aina ya pili: hayakupata ushahidi kwamba inashusha sukari. Shangazi yangu aliuziwa unga wake na mtu wa mlango kwa mlango, akaacha vidonge vyake vya sukari, metformini. Wiki chache tu, tukambeba hospitali usiku, ulimi umekauka kama kitambaa. Tangu siku hiyo, mtu akija kwangu kununua, namuuliza kwanza anameza vidonge gani. Wa vidonge vya kuzuia damu kuganda simuuzii, maana inaweza kumzidishia kutokwa damu.

Mimi huchemsha kipande jioni, kichungu kama kinini, kwa sababu nakipenda tu.

Ukitaka kujaribu, anza na mifuko mitano, na dirisha uliache wazi upana wa kiganja.