Muulize Fundi: Swichi nimezima, mbona umeme bado umo?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina kinu cha kusaga mahindi hapa Makambako. Nilinunua inveta ya kilowati 15 ya kuendeshea mota yangu ya hosipawa 20, maana zamani kila tukiwasha, taa za majirani zilikuwa zinafifia na lawama zote kwangu. Sasa ELCB, ile swichi inayojikata umeme ukivuja, inaruka karibu kila siku. Fundi aliyetufungia akachomoa waya wa ethi wa mota, ikatulia. Halafu wiki iliyopita kijana wangu alizima swichi kuu, akafungua inveta apanguse unga, akapigwa shoti hadi akaanguka. Swichi ilikuwa imezimwa, nimeiona kwa macho yangu. Umeme ulitoka wapi?
Mwenye kinu, Makambako

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote mpeleke kijana hospitali wampime moyo, hata kama anasema yuko sawa. Na huo waya wa ethi urudishwe leo, kabla hujasaga debe lingine.

Umeme uliompiga ulikuwa umo humo ndani ya inveta. Kifaa hicho hupokea fezi tatu za volti 400, kikaugeuza umeme kuwa wa mkondo mmoja kama wa betri, kikauweka kwenye kapasita, yaani vihifadhi vya umeme, kisha kikaukatakata upya na kuupeleka kwenye mota. Kwenye hizo kapasita volti hufika 565 hivi. Ukizima swichi umefunga mlango wa kuingilia tu. Uliokwisha kuingia hupungua polepole.

Mimi somo hili nililipata kwa bisibisi. Ilikuwa karakana moja ya mbao. Nimezima, kioo cha inveta kimekufa, nikajua imelala. Ncha ya bisibisi ikagusa vituo viwili kwa pamoja: mlio kama baruti, macho yakaona nyota, na ncha imeliwa kama mkate uliopitiwa na panya. Bisibisi hiyo ninayo bado, nafungulia makopo ya rangi.

Tangu siku hiyo nazima, natia kufuli kwenye swichi, ufunguo mfukoni mwangu, si juu ya meza. Kisha nasoma muda wa kungoja kwenye kibandiko cha mfuniko: nyingine huandikwa dakika 5, nyingine 10, kubwa hata 15. Nikishangoja napima. Multimita iwe ya daraja la usalama la CAT III ya volti 1000, ijaribiwe kwanza mahali unapojua pana umeme, ndipo uiweke kwenye DC na kugusa vituo vya P+ na N−, vilivyoungwa na kapasita. Ikiwa bado inasoma makumi ya volti, naongeza kungoja. Kile kitaa kidogo cha CHARGE, kinachoonyesha umeme bado umo, sikiamini, maana nacho huungua. Tesa ya kalamu iache nyumbani.

Tuje kwenye ELCB. Inveta huukata umeme mara maelfu kwa sekunde, na kila mkato kiasi kidogo hupenya kwenye kebo ya mota na kwenye chujio lake hadi ethi. Kebo ikiwa ndefu, kinaongezeka. ELCB ya miliampea 30, ya soketi za nyumbani, huona hayo ni kuvuja ikaruka. Lakini usiitupie inveta lawama mapema. Mota ipimwe kwa mega, kipimo kinachopitisha volti kubwa kuona kama inavuja, kwa sababu unyevu na unga ni ndugu. Waya za U, V na W, zinazokwenda kwenye mota, zichomolewe kwenye inveta kwanza; mega ikipita humo utanunua inveta nyingine. Mota ikiwa nzima, mwambie fundi aweke ELCB ya aina B, ya miliampea 300, kwa ajili ya mashine peke yake, na soketi zibaki na ile yao ya 30. Aina ya kawaida inaweza kupumbazwa na umeme wa mkondo mmoja, isiruke hata siku ya hatari. Waya wa ethi wa inveta uwe wa shaba, usipungue milimita za mraba 10, na fimbo ya ethi ipimwe.

Aliyeuchomoa ule waya hakutibu ugonjwa, alinyamazisha mgonjwa. Siku mota itakapovuja kweli, bodi la kinu zima litakuwa na umeme, na anayelishika ni mama aliyeleta mahindi.

SWALI: Fundi, umeme ukikatika na kurudi, mashine yetu ya kukoboa inawaka yenyewe. Ni kawaida?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ni kawaida na ni hatari. Swichi yenu ya kugeuza imebaki upande wa kuwasha, au inveta imepangwa kujiwasha. Fundi aizime hiyo programu, aweke vitufe viwili, cha kijani na chekundu, ili umeme ukirudi mtu abonyeze upya. Na kitufe chekundu hakikati umeme, kinasimamisha mota tu. Vituo vya U, V na W vihesabu vina umeme. Anayetaka kuingiza mkono kutoa pumba zilizokwama azime swichi kuu na kutia kufuli, hata kama wateja wamepanga foleni hadi barabarani.