Mwanangu anasoma ukurasa mzima, lakini neno moja linamshinda

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana miaka 7 na yuko darasa la kwanza hapa Morogoro. Kila jioni hufungua kitabu chake akasoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini juzi nilipoziba picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja tu, "kuku", alinitazama usoni akingoja nimtajie. Akiandika, b na d humchanganya, na "ng'ombe" huandika "gombe". Baba yake anasema ni uvivu na dawa yake ni fimbo. Jirani ananishauri nimpeleke tuisheni. Nifanye nini?
Mama mwenye wasiwasi, Morogoro

JIBU: Mama, mwanao si mvivu. Mtoto aliyeushika ukurasa mzima kwa kusikia tu ana kumbukumbu nzuri na bidii, na fimbo itamfanya akiogope kitabu bila kumwonyesha anachokikosa. Darasani, hasa watoto wanapokuwa wengi na vitabu vichache, somo huitikiwa kwa pamoja, na ni rahisi mtoto kufuata sauti za wenzake huku macho yake yakiwa kwenye picha, mwalimu asing'amue.

Kinachonipa matumaini zaidi ni hilo "gombe" lake. Hapo hakukariri: alilisikiliza neno, akatafuta herufi za kila sauti, akapata karibu zote. Anzia hapo, kwenye kuandika, kwa sababu mtoto anayeandika anachokisikia yuko karibu sana na kusoma anachokiona.

Kiswahili kinamrahisishia kazi hiyo, kwani kina irabu tano tu, kila moja ina sauti ileile popote ilipo, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2015, uliojikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulisisitiza sauti za herufi, na sababu iko wazi: mtoto anayejua jina "be" peke yake, akikutana na b na a hutaka kusema "be-a", lakini aliyezoea sauti yenyewe husema "ba" bila kusukumwa.

Kata vipande vya boksi, uandike juu yake ku, ma, ti, ka na le, kila silabi kwenye vipande viwili. Mtajie "kuku", naye avitafute vipande na kuvipanga. Kisha ondoa ku ya mwisho, uweke le, umwulize sasa imekuwa nini. Akishazoea, mpangie hata maneno yasiyo na maana, kama "letiku" au "makule", kwa sababu hayo hakuna mahali alipoyasikia na itambidi ayasome kweli. Dakika kumi kila jioni zinatosha, na acheni kabla hajachoka. Mbw, ndw na nyinginezo za namna hiyo zisubiri mpaka silabi nyepesi zimkae.

Kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa umri wake, na kwa watoto wengi huisha kwa mazoezi. Mfundishe kwa mwendo wa mkono: b huanza na mstari unaoshuka, d huanza na tumbo. Mzoeze b peke yake mpaka mkono uizoee, ndipo umletee d. Kuhusu ng', mwambie atamke "ng'ombe" na "ngoma" kwa kufuatana, huku kidole chake kikigusa ile ritifaa, yaani alama ya ' baada ya ng, ambayo sisi watu wazima ndio tunaoiacha ovyo katika ujumbe wa simu na kwenye mabango ya bucha, kisha tukamlaumu mtoto.

Tuisheni ya kuitikia kwa pamoja itamrudisha kulekule, kwa hiyo fedha hiyo iweke kwanza. Nenda ukamweleze mwalimu wake jaribio lako la kuziba picha, umwombe amsikilize akisoma peke yake na amketishe mbele. Mpeleke pia hospitali akapimwe macho na masikio, hata kama huoni dalili yoyote, kwa kuwa mtoto asiyeona ubao vizuri hajui kwamba wenzake wanauona.