Swala juu ya nyumba

Swala juu ya nyumba (3).

Ukikisoma haraka kidokezo hiki cha chemshabongo, unawaona watu darini wakiswali. Unatafuta neno la ibada lenye herufi tatu na unakesha bure. Swala wa hapa ana pembe na kwato. Paa ni jamii ya swala, na paa pia ndilo lililo juu ya nyumba. Jibu ni PAA.

Mfano huo nimeutunga mwenyewe kwa Kiswahili ili tuelewane, kwa sababu mafumbo ninayohangaika nayo mimi ni ya Kiingereza, ya aina iliyoshamiri katika magazeti ya Uingereza tangu miaka ya 1920. Visanduku ni vilevile vya chemshabongo ya kawaida. Kinachobadilika ni kidokezo. Kwenye chemshabongo ya kawaida unapewa maana, unatafuta neno. Huku unapewa neno hilohilo kwa njia mbili: upande mmoja maana yake, ambayo hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, na upande wa pili ama maana nyingine, ama mchezo wa herufi. Mtunzi huzishona hizo mbili hadi mshono usionekane.

Chukua hiki: Samaki wametapakaa wakati wa mvua (6). Miaka yangu ya mwanzo ningeanza kufikiria mafuriko, wavuvi, mito iliyofurika. Ndipo nilipokuwa nakwama, kwenye picha. Siku hizi naipuuza habari inayosimuliwa na kuanza kulipima neno mojamoja. "Wametapakaa" linanitaka nizitapanye herufi za SAMAKI. Nikizipanga upya napata MASIKA, na masika ndio wakati wa mvua. Hakuna herufi iliyobaki, hakuna neno lililokaa bure. Hapo huwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyepokea barua.

Utamu wake hasa ni huo: ukipata, unajua umepata, wala huhitaji mtu wa kukuthibitishia. Lakini lazima udai njia zote mbili. Niliwahi kuandika jibu kwa kalamu ya wino kwa sababu maana ilikubali na idadi ya herufi ilitosha, ingawa mchezo wa herufi sikuweza kuueleza. Kona nzima ya chini kulia ikagoma siku tatu. Nililaumu kila kidokezo isipokuwa kile nilichokwisha kukiandika. Tangu hapo natumia penseli, na kila kidokezo nakiwekea alama ndogo pembeni pale tu ninapoweza kueleza kila neno lililomo.

Anayeanza atafute kwanza vidokezo vya kupangua herufi, kisha vile ambavyo jibu limejificha wazi ndani ya maneno, kama PAKA alivyo ndani ya MPAKA. Kamusi itumie bila haya. Wapo wanaosema ni udanganyifu. Mimi sikubaliani nao, kwani nimejifunza maneno mengi kwa kuhakiki jibu ambalo sikuwahi kulisikia.

Mafumbo magumu kweli, kama lile la Listener, jarida la zamani la BBC, fumbo lililoanza mwaka 1930 na ambalo tangu 1991 huchapishwa katika gazeti la The Times, hayamaliziki kwa kikao kimoja. Ukikwama, liache. Nenda ukaoshe vyombo, ulale. Akili ikishashika maana ya kwanza ya neno haitaki kuiachia, na kuikodolea macho karatasi kunaikaza zaidi. Mara nyingi nimeamka, nikasoma kidokezo kilichonishinda usiku, nikaliona jibu kabla sijaketi. Kwa hiyo usikimbilie majibu. Jaribu na hiki, na ukishindwa leo kilaze hadi kesho: Utulivu ukigeuka, pinda mgongo (5).

Ukizoea utaanza kumjua mtunzi kama unavyoujua mwandiko wa rafiki. John Graham, kasisi aliyetunga mafumbo ya gazeti la The Guardian tangu 1958 na kujulikana kwa jina la Araucaria, alikuwa na wafumbuzi waliomfuata kwa miongo mingi. Januari 2013, akiwa na miaka 91, aliandika kichwani mwa fumbo lake kwamba ana jibu la kidokezo fulani, la jibu la kidokezo kingine, akataja namba tu. Mengine yalikuwa ndani ya visanduku: saratani, na umio. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Wafumbuzi wake walikuwa wameipata habari ile herufi kwa herufi, wakiiandika kwa mikono yao wenyewe.