Ukimaliza Manga Uipendayo, Ushike Ipi? Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi za mwezi huu kuhusu manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, zinaomba jambo moja: "Nipeni nyingine kama hii." Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Habari za kazi. Nimemaliza Haikyu!! yote. Kila nikiomba ushauri naambiwa nisome Blue Lock kwa sababu nayo ni ya michezo. Nimesoma juzuu 2, haikunigusa hata kidogo. Tatizo ni mimi? – Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

Tatizo si wewe, ndugu yetu. Walikupa manga ya aina ileile bila kukuuliza ulipenda nini ndani yake. Kuomba "manga ya michezo" ni kama kufika soko la Mwanjelwa ukaomba "mbegu" bila kusema za mahindi au za maharage.

Haikyu!! ya Haruichi Furudate (2012 hadi 2020, juzuu 45) ni ya mpira wa wavu na imesimama juu ya timu. Hata mpinzani anapewa sababu zake za kutaka kushinda, na akitolewa unaumia naye. Blue Lock ni ya soka, inaanza na washambuliaji vijana 300 waliofungiwa mahali pamoja ili apatikane mmoja tu, na inamsifu anayejitanguliza yeye. Mpira upo kote kuwili, lakini moyo wa hadithi umekaa kwingine kabisa. Aliyeipenda Haikyu!! kwa sababu ya umoja wa timu ya Karasuno, Blue Lock itamkera, na ana haki ya kukereka.

Fanya hivi. Andika matukio 3 ya Haikyu!! ambayo huwezi kuyasahau. Andika matukio yenyewe, si sifa kama "inasisimua". Kando ya kila tukio, eleza kwa maneno machache kilichokushika. Kisha tazama ni jibu gani limejirudia.

Kama ni maelezo ya mbinu, yaani ulipenda kujua kwa nini mchezaji alisimama pale aliposimama, soma Ao Ashi ya Yugo Kobayashi. Ni soka la vijana katika akademia ya klabu, na sehemu kubwa inahusu kijana anayejifunza kuuona uwanja mzima badala ya kuufuata mpira. Ukishaisoma, hata mechi ya ligi pale Sokoine utaitazama kwa jicho jingine.

Kama ni furaha ya asiyejua kitu kuanza kujua, soma Slam Dunk ya Takehiko Inoue (1990 hadi 1996, juzuu 31). Mhusika mkuu, Sakuragi, anaingia kwenye mpira wa kikapu bila kujua hata kudunda. Mwanzo una vichekesho na ugomvi mwingi wa shuleni. Vumilia, mpira unakuja na ukifika hauondoki. Na kama ni uchungu wa kufanya jambo moja miaka na miaka mpaka uliweze, usiogope kutoka nje ya viwanja. Chihayafuru ya Yuki Suetsugu, juzuu 50, inahusu mashindano ya karuta, mchezo wa kadi zenye mashairi ya kale ya Kijapani. Wengi huiruka kwa sababu haina mpira. Kwa maoni yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na Haikyu!! kuliko zote tulizotaja.

Anayependa upande wa makocha na watu wazima yupo Giant Killing. Hiyo ni ndefu, ianze ukiwa na nafasi.

Nasoma chuo hapa Mbeya. Natumia AniList na MyAnimeList kutafuta manga mpya, lakini kila mara naletewa zilezile kubwa ambazo nimeshasoma. Nakosea wapi? – Msomaji, Iyunga

Mapendekezo ya tovuti hizi yanatoka kwa wasomaji waliosoma kazi zote mbili zinazofananishwa. Kazi yenye wasomaji wengi ina nafasi kubwa ya kuunganishwa na kila kitu, kwa hiyo One Piece na Attack on Titan zitakufuata kila ukurasa. Fupi na za zamani zinazama chini, hata zile zinazofanana zaidi na unayoipenda.

Usianze na kazi moja. Chukua 3 unazozipenda sana, na 1 uliyoiacha njiani. Kwenye AniList kila kazi ina vitambulisho (tags) vyenye asilimia vinavyoonyesha jambo fulani limo kwa kiasi gani. Nakili vile vyenye asilimia kubwa kwa zote 4. Futa vilivyo vipana mno, kama vile vya shule au mapigano. Futa pia kila kilichomo kwenye ile uliyoiacha, isipokuwa una hakika hakikuwa ndicho kilichokuchosha. Vitakavyobaki na kujirudia kwenye zile 3 ndivyo vya kutafutia. Mara nyingi hubaki 2 au 3, na hiyo inatosha.

Ukitafuta, usipange matokeo kwa umaarufu. Panga kwa alama, halafu weka kikomo cha miaka, kwa mfano zilizoanza kabla ya 2010. Lakini alama nazo zina mtego: msomaji asiyeridhika na manga ndefu huondoka mapema, kwa hiyo wanaobaki kuisifu juzuu ya 40 ni wapenzi wake tu. Alama ya manga ya juzuu 5 na alama ya manga ya juzuu 50 hazipimi kitu kimoja.

Kwenye MyAnimeList soma maelezo yaliyo chini ya kila pendekezo. Aliyeandika "zote ni nzuri" mpite. Aliyeandika kwamba zote mbili zina mwalimu anayeficha jambo na wanafunzi wanaoligundua polepole, huyo msikilize.

Mwisho, tazama idadi ya sura. Jarida la Weekly Shonen Jump hukatisha mapema manga zisizopata kura za kutosha za wasomaji, na zilizokatwa huishia juzuu 2 au 3, huku mwisho ukiwa umebanwa. Fupi si lazima iwe imekatwa, hata hivyo: A Silent Voice ya Yoshitoki Oima ni juzuu 7 tu na imekamilika vizuri kabisa.

Wahariri, naomba manga kama Death Note. – Dada wa Kihesa, Iringa

Dada yetu, Death Note ina watu wawili nyuma yake: Tsugumi Ohba aliyeandika na Takeshi Obata aliyechora. Kabla ya kufuata jina, jiulize unamfuata yupi. Ukimfuata mchoraji utafika Hikaru no Go, iliyoandikwa na Yumi Hotta. Ni manga nzuri sana ya mchezo wa ubao uitwao go, lakini haina mauaji wala polisi. Ukiwafuata wote wawili utafika Bakuman, inayohusu vijana wawili wanaotaka kuwa watunzi wa manga. Humo utakuta ile hesabu ya kumpiku mshindani, ila bila damu.

Kama kilichokushika ni akili kupambana na akili, kila mmoja akijaribu kusoma hatua ya tatu ya mwenzake, tafuta Liar Game ya Shinobu Kaitani, juzuu 19. Kanuni za kila mchezo zinaelezwa kwanza, kisha unaona zinavyopindwa. Isome ukiwa umetulia. Ukiruka ukurasa wa kanuni, suluhisho halitaeleweka.

Kama ni kumsaka mwovu mwenye sura ya upole, ni Monster ya Naoki Urasawa (1994 hadi 2001, juzuu 18). Hii inakwenda taratibu. Daktari Tenma anazunguka Ujerumani na sura nyingi zinahusu watu anaokutana nao njiani. Wanaoiacha huiacha juzuu ya 3 au ya 4, wakidhani imepoteza njia. Haijapoteza. Wale watu wa njiani ndio kesi yenyewe.

Nasomea mifugo Uyole. Kuna manga ya shamba, isiyo ya mapanga? – Msomaji, Uyole

Ipo, na imeandikwa na mtu aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido. Hiromu Arakawa, yuleyule wa Fullmetal Alchemist, aliandika Silver Spoon kuanzia 2011 hadi 2019, juzuu 15. Hachiken, kijana wa mjini aliyechoshwa na mitihani, anajiunga na sekondari ya kilimo asiyoijua kabisa. Anaamka alfajiri, anakutana na kuku, farasi na jembe, na anamlea mwananguruwe huku akijua siku ya machinjio ipo. Utakuta humo mambo unayoyasoma darasani: gharama ya chakula cha mifugo, deni la shamba, mnyama asiyezalisha anaamuliwa vipi. Hakuna anayehubiriwa. Kila familia ina hesabu yake na baadhi ya hesabu hazilipi.

Baada ya hiyo shika Moyasimon ya Masayuki Ishikawa, juzuu 13. Iko chuo cha kilimo, na mhusika mkuu anaviona vijidudu kwa macho yake. Sehemu kubwa ni uchachushaji: pombe, soya, vyakula vilivyovunda kwa makusudi. Mtu wa Iringa au Njombe anayejua ulanzi wa asubuhi unavyobadilika kufikia jioni ataielewa haraka. Ina maandishi mengi kwa kila ukurasa, kwa hiyo usiisome kwenye simu yenye kioo kidogo.

Halafu, ingawa umekataa mapanga, tunakuomba uipe nafasi Vinland Saga ya Makoto Yukimura. Sura 54 za kwanza ni vita vya Waviking. Kuanzia sura ya 55 hadi karibu ya 100, hadithi inahamia shambani: vijana wawili watumwa wanakata msitu, wanang'oa visiki na kupanda ngano ili wajikomboe. Hatujasoma maelezo bora zaidi ya kufungua shamba jipya katika manga yoyote. Usianzie sura ya 55, lakini. Bila kujua yule kijana alikuwa mtu gani, visiki vile havina uzito.

Shikamooni. Binti yangu wa miaka 11 amemaliza Fruits Basket kwa simu yangu na anataka nyingine. Nitajuaje ipi inamfaa? Kiingereza chake bado ni cha shule. – Mama, Njombe

Marahaba, mama. Jina la kundi lisikupe usalama. Shonen (wavulana), shojo (wasichana), seinen (wanaume wazima) na josei (wanawake wazima) ni makundi ya majarida kwa wasomaji wanaolengwa, si vipimo vya usafi. Chainsaw Man ilianzia jarida la wavulana na imejaa damu, wakati Yotsuba&! inasomwa sana na watu wazima na haina kitu cha kumficha mtoto.

Fungua sura ya kwanza, kisha ruka hadi juzuu ya 4 au ya 5, usome sura moja. Manga nyingi huwa nzito zaidi katikati, na jalada halikwambii.

Kwa binti yako tunapendekeza Natsume's Book of Friends ya Yuki Midorikawa. Kijana yatima anayeona mizimu anarudisha majina yao moja baada ya jingine. Ina ule upole na ule upweke wa Fruits Basket. Sura nyingi hujitegemea, kwa hiyo anaweza kusoma moja na kulala. Kwa kujenga Kiingereza anzeni na hiyo Yotsuba&!: sentensi ni fupi na picha inaeleza nusu ya jambo. Yona of the Dawn, iliyotoka jarida lilelile la Fruits Basket, Hana to Yume, ni nzuri sana, ila ina mauaji tangu mwanzo. Mwekee akikua kidogo.

Nataka manga kama Solo Leveling. – Msomaji, Makambako

Solo Leveling ni ya Korea, si manga ya Japani. Ndiyo maana ina rangi na unaisoma kwa kushuka chini, huku manga ikisomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye AniList weka nchi ya asili kuwa Korea Kusini, ndipo upange kwa vitambulisho kama tulivyoeleza juu.

Nilijaza anime (katuni) ya Jujutsu Kaisen kwenye flashi, nikamaliza msimu wa pili. Niendelee na manga kuanzia wapi, na bando nitalimudu? – Kijana, Tukuyu

Msimu wa pili unaishia sura ya 136, kwa hiyo endelea na ya 137. Hata hivyo rudi nyuma sura 4 au 5 kwanza. Manga ina vikumbusho vidogo na maelezo ya nguvu ambavyo anime huvipitia haraka, na jicho nalo linahitaji kuzoea michoro ya Gege Akutami isiyo na rangi. Zipo sura 271, hadithi imekwisha.

Programu ya Manga Plus ya wachapishaji wenyewe, Shueisha, inafunguka Tanzania. Sura 3 za mwanzo na 3 za mwisho ni bure. Kwa kazi nyingi, ndani ya programu ya simu, sura za katikati nazo unaruhusiwa kuzisoma mara moja bure. Mara moja maana yake mara moja: usizifungue kwa kupekua tu, kwani ukirudi utatakiwa kulipia. Kiswahili hakimo, chagua Kiingereza.

Kuhusu bando, punguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya programu, kisha pima mwenyewe. Angalia matumizi ya data kwenye simu, soma sura 5, angalia tena, gawanya kwa 5. Sura za jarida la kila wiki huwa na kurasa karibu 19. Za jarida la mwezi zinaweza kuzidi hapo mara mbili, kwa hiyo usilinganishe sura kwa sura. Na kwa zile za Weekly Shonen Jump zinazoendelea, sura mpya hutoka Jumapili saa 12 jioni kwa saa zetu.