Taulo za kike kwa shule ya kijijini Newala: msipeleke Desemba

Dada, nimesoma mpango wenu. Ninyi watu wa Newala, mkoani Mtwara, mlioko Dar mnachangishana mpeleke taulo za kike na sabuni kwenye shule ya msingi ya kijijini kwenu, mkabidhi Desemba mtakapokuja likizo. Unauliza mnunue aina gani na kila msichana apewe pakiti ngapi. Mimi nina duka Tandahimba, wilaya ya jirani, na kikundi chetu cha akina mama tunafanya kazi hiihii kwa shule za jirani misimu kadhaa ya korosho sasa. Nianze na Desemba, maana hapo ndipo mpango wenu utakapokwama.

Desemba shule zimefungwa. Walimu wamekwenda makwao, na baadhi ya hao wasichana mtawakuta wako unyagoni. Tena ndiyo miezi yenye hela: korosho zimepita mnadani, malipo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yameingia, mama anamnunulia bintiye pakiti bila kumwomba mtu. Njoo Machi uone. Hela ya korosho imekwisha, palizi imepamba moto, mavuno bado, na mteja aliyekuwa akichukua mche mzima wa sabuni anaomba umkatie kipande. Hapo ndipo mtoto anaanza kukaa nyumbani siku zake zikifika. Kuchangisha wakati wa korosho ni sawa kabisa, ila mzigo ukae shuleni, utolewe kidogokidogo kuanzia Februari mpaka watu wavune. Kuna na mgao wa 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani. Mzuri, lakini mara nyingi unaishia shule za kando ya lami.

Pakiti ngapi? Piga hesabu mwenyewe. Akibadilisha kila baada ya saa sita ni vipande vinne kwa siku, kwa hiyo pakiti ya vipande vinane haifiki siku ya tatu. Ukimpa kila mmoja pakiti moja, umempa picha ya kumbukumbu tu. Sisi tuliacha kugawa kwa kichwa. Shule inawekewa akiba, anayepatwa darasani anachukua, na wale ambao mwalimu anajua nyumbani hakuna kitu wanapewa za mwezi mzima. Na msisubiri bei ishuke. Serikali iliondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye taulo za kike mwaka wa fedha 2018/19, ikairudisha 2019/20 kwa maelezo kwamba mnunuzi hakuona nafuu. Nunueni kwa katoni Masasi au Mtwara mjini, nauli ya mzigo kutoka Dar iongeze katoni nyingine. (Najua mtasema mwenye duka anavutia kwake. Sawa, lakini hesabu ni hiyohiyo.)

Taulo za kitambaa, zile za kufua, ni nafuu kwa muda mrefu, na fundi cherehani wa kijijini anaweza kuzishona akipewa mfano mzuri. Lakini ulizeni maji kwanza. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde: mvua ikinyesha mchanga unaimeza, chemchemi ziko mabondeni, na maji ya bomba yanasukumwa kutoka chini. Mashine ikisimama, watu wananunua ndoo. Nyumba inayonunua maji ya kupikia haitatoa ndoo ya kufulia pedi. Kwa wa bondeni za kufua zinafaa, kwa wa juu changanyeni na za kutupa.

Shida nyingine ya za kufua ni kuanika. Binti amefundwa kwamba kitambaa hicho hakionekani na mtu, basi anakificha chini ya godoro kikiwa kibichi, anakivaa kibichi, mwisho ni miwasho. Aliyewahi kuja kutoa semina akasema "anikeni juani" alisikilizwa kwa adabu, akaondoka, mambo yakabaki palepale. Kilichosaidia kwetu ni kukaa na makungwi. Kungwi ndiye aliyemfunda mtoto kuficha, na yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia aanike nyuma ya nyumba juani, juu atandaze kanga nyepesi. Alivyosema yeye, hakuna mama aliyebisha. Kwa hiyo kabla hamjanunua chochote, mtu wenu mmoja akaonane na makungwi wa pale, na aende na heshima zake, si mikono mitupu.

Halafu chupi. Watu wanachangia pedi mpaka zinajaa ofisi ya mwalimu mkuu, na mtoto hana chupi ya kuibandikia! Wekeni bajeti ya mbili mbili kwa kila mhitaji.

Sabuni usimpe mtoto, ipe nyumba. Kipande atakachopewa mwanafunzi kitamwogesha bibi yake, wadogo zake na kufua sare zote, kwa hiyo toeni miche mizima kwa kaya ambazo mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu wamekubaliana kuwa hazina kitu. Wote wawili, maana mmoja peke yake ana shangazi zake. Ya shuleni iwe ya unga, iloweshwe kwenye chupa yenye kitundu kifunikoni na ining'inizwe kando ya kibuyu chirizi (kidumu cha kunawia kinachoinamishwa kwa kamba). Ya kipande haimalizi wiki, inaondoka na mtu.

Anayegawa awe matroni, na iwe chumbani, si mstarini majina yakiitwa. Dukani pia hapafai: barazani kwangu wanashinda wanaume wanacheza bao, na hakuna binti atakayepita mbele yao na karatasi ya kuombea pedi.

Umesema wachangiaji wenu wanataka picha za watoto wakipokea. Wapigieni picha katoni, risiti, na ukurasa wa daftari la matroni wenye idadi bila majina. Atakayekataa kuchangia kwa hilo, mwacheni.