Wadogo zangu mnaoanza fizikia ya kwanta, ubishi wa kambi za tafsiri utawasubiri

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa mtetezi sugu wa dunia nyingi, tafsiri ya kwanta isemayo kila tokeo linalowezekana hutokea, kila moja katika dunia yake. Usiku wa kuamkia jaribio tulibishana hosteli mpaka saa nane kuhusu paka wa Schrödinger, yule wa mfano wa kufikirika anayehesabika hai na mfu kwa pamoja. Asubuhi likaja swali la hesabu la msingi, la chembe iliyofungiwa kwenye boksi, nikaambulia nne kwa ishirini.

Msidhani wakubwa wameafikiana. Mwaka 2011, kwenye mkutano huko Traunkirchen, Austria, watu 33 waliulizwa wanafuata tafsiri ipi, yaani hesabu za kwanta zinamaanisha nini hasa. Ile ya Copenhagen, ya akina Bohr na Heisenberg, isemayo chembe haina thamani kamili hadi ipimwe, iliongoza kwa asilimia 42 tu. Dunia nyingi za Everett zilipata 18, na Bohm, asemaye chembe zina njia halisi zikiongozwa na wimbi, hakuambulia hata kura moja. Lakini ukibadilisha ukumbi, kura nazo zinabadilika, kwa hiyo msizisome kama vipimo vya maabara.

Badala yake tafuteni vichujio vitatu vya polaroidi, vile vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Pachika viwili, cha pili kikiwa kimezungushwa nyuzi 90: giza. Sasa chomeka cha tatu katikati, kwa nyuzi 45. Mwanga unarudi! Mara ya kwanza nilidhani nimevipanga vibaya, nikavitoa na kuvifuta kwa shati. Hesabu inasema moja ya nane ya mwanga wa taa itapita (vichujio halisi hula zaidi kidogo). Ukipunguza mwanga hadi fotoni (chembe za mwanga) mojamoja, ile moja ya nane inakuwa uwezekano wa kila fotoni kupita. Bohr atakupa moja ya nane, Everett vilevile, Bohm vilevile. Wanachogombania ni kilichotokea njiani.

Hata hivyo, wale wanaowaambia wanafunzi wanyamaze wakokotoe tu wananiudhi. Mwanafizikia John Bell aliisoma kazi ya Bohm ya 1952, wengi wakiwa wameipuuza, akasumbuka nayo, na mwaka 1964 akatoa nadharia inayopimika, ya kubaini kama tabia za chembe zilizo mbalimbali zinaweza kuelezwa kwa sababu za hapohapo zilipo tu. Majaribio ya nadharia hiyo ndiyo yaliyowapa Clauser, Aspect na Zeilinger Nobeli ya 2022.

Basi mtu akikujia na tafsiri yake, muulize inabadili namba ipi. Ile ya Ghirardi, Rimini na Weber ya 1986 inaubadili mlinganyo wenyewe wa kwanta, ule wa Schrödinger, ndiyo maana kuna watu wanaisaka maabara hadi leo. Kama haibadili namba yoyote, mwambie mtaongea ukishamaliza chembe kwenye boksi.